Nani waliimiliki nyumba ya mawe ya Mkomani kabla ya bibi?

Ndugu, kwa nyumba hiyo ya bibi yenu hapo Lamu, anza na namba ya ploti. Imo kwenye risiti ya kodi ya ardhi ya kaunti. Nayo nenda kwa msajili wa ardhi. Sachi ya kawaida, yaani ukaguzi wa daftari la ardhi, hukupa mmiliki wa sasa na vizuizi tu, kwa hiyo omba nakala za hati za uhamisho zilizotangulia. Sheria ya zamani ya usajili wa ardhi Pwani ilitungwa 1908. Ya kabla ya hapo yatafute kwenye hati za Kiarabu, kama ukoo umezihifadhi. Mpe hati hizo msomaji mzuri wa Kiarabu, asome mipaka yote minne: “kaskazini nyumba ya fulani” ni jirani, si mwenye nyumba, na wengi huteleza hapo. Ulizeni pia Tume ya Wakfu kama nyumba ni wakfu, yaani mali iliyotolewa daima kwa ajili ya dini au ukoo, maana wakfu kwa kawaida hauuzwi.