Kabla hujalipia kore 28, jua kazi yako inataka ngapi

Ukiulizia seva ya mitumba hapa Kisumu, jambo la kwanza utakaloambiwa ni idadi ya kore, yaani vitengo vinavyofanya kazi ndani ya prosesa. "Hii ina 28, ile ina sita tu." Na bei inavutia kweli. Mashine yenye prosesa mbili za Intel aina ya Xeon E5-2680 v4, toleo la 2016 lenye kore 14 kila moja, leo huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya zamani. Mimi huwaomba wateja wangu waliweke kando swali la kore kwanza, mpaka tujue programu yao inatumia ngapi.

Chukua sacco moja niliyoihudumia upande wa Kakamega. Kazi iliyowatesa ilikuwa hesabu ya riba ya mwisho wa mwezi. Waliianza jioni, ikafika alfajiri. Nilikaa nao usiku mmoja nikitazama seva yao ya zamani kwa amri ya top, inayoonyesha prosesa inavyotumika: kore moja imefika asilimia 100, nyingine zote zimelala. Programu ilikuwa inapitia akaunti za wanachama moja baada ya nyingine, na haikuwa na namna ya kuigawa kazi hiyo. Kuipa kore 28 ni kuwaita wavuvi ishirini na wanane waje kuvuta wavu wa mtu mmoja.

Tulichagua Xeon E-2336 ya 2021, prosesa ndogo yenye kore sita. Kasi yake ya juu ni 4.8 GHz, wakati E5-2680 v4 inaishia 3.3. Tofauti halisi ni kubwa kuliko namba hizo zinavyoonyesha, kwa sababu kore ya kizazi kipya hufanya mengi zaidi katika kila GHz. Ndiyo maana kulinganisha GHz za vizazi viwili tofauti hupotosha. Hesabu ile sasa huisha kabla ya saa sita usiku, na mhasibu akifika asubuhi anakuta ripoti iko tayari.

Kuna kazi za aina nyingine kabisa. Ukanda huu una watafiti wengi wa malaria, na kupanga data ya jeni za vimelea ni kazi inayogawanyika vizuri: kila kore hupewa fungu lake. Hapo kore nyingi ni mali, na hapo ndipo AMD, mshindani wa Intel, ilipobadilisha hesabu za thamani. Prosesa yake ya EPYC 7302P ya 2019 ilitoka na kore 16 kwa bei rasmi ya dola 825. Xeon Gold 6242 ya mwaka huohuo, yenye kore 16 pia, iliorodheshwa kwa zaidi ya dola 2,500. Herufi P humaanisha prosesa hiyo hufanya kazi katika bodi ya soketi moja tu, yaani yenye nafasi ya prosesa moja, na kwa taasisi nyingi za huku soketi moja inatosha kabisa. Mimi huipendelea hata pale bajeti inaporuhusu mbili. Prosesa mbili zina memori mbili zilizotengana, na programu isiyolijua hilo hupoteza muda ikivuta data kutoka upande wa pili.

Nikiwa kwenye memori, naomba tukae hapo kidogo, kwa maana ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kujua. EPYC za kizazi hicho zina njia nane za memori, yaani njia ambazo data hupita kati ya RAM na prosesa. Ukizijaza zote kwa RAM ya aina ya DDR4-3200 unapata upana wa takriban gigabaiti 204 kwa sekunde. Muuzaji akikuwekea vipande viwili tu vya RAM, hata viwe vikubwa namna gani, unabaki na takriban 51, chini ya 76 ambazo ile Xeon ya 2016 hupata kwa njia zake nne zikijaa. Umenunua prosesa bora ukaiacha ikisubiri data. Vipande vinane vya gigabaiti 16 ni bora kuliko viwili vya 64.

Leseni nazo huingia kwenye bei. Windows Server Standard hulipiwa kwa kore, na kiwango cha chini ni kore 16 kwa seva. Seva ya kore sita italipa 16, ile ya kore 28 italipa 28 zote, ziwe zinafanya kazi au zimelala. Ukitumia Linux, ruka aya hii.

Kuhusu vipimo vya mtandaoni: ile alama moja kubwa ya jumla hupendelea prosesa yenye kore nyingi. Matokeo ya SPEC CPU 2017, kipimo kinachotumika sana kulinganisha prosesa, yako wazi kwa yeyote kusoma, na yamegawanywa. SPECrate hupima kazi nyingi zinazokwenda kwa pamoja, SPECspeed hupima muda wa kumaliza kazi moja. Sacco yangu ilihitaji kipimo cha pili, watafiti wanahitaji cha kwanza. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kazi yako mwenyewe. Kodi mashine ya wingu yenye prosesa ya kizazi unachotaka kwa saa chache, weka nakala ya data iliyofutwa majina, endesha kazi ile ile, andika muda. Kumbuka tu kwamba kwenye mashine za Intel na AMD, vCPU moja, yaani kile kizio cha prosesa unachokodishwa kwenye wingu, kwa kawaida ni nusu ya kore.

Kisha njoo kwenye stima. Tuseme seva moja inakula wati 150 zaidi ya nyingine, mchana na usiku. Hizo ni yuniti 1,314 kwa mwaka. Kwa shilingi 25 kwa yuniti ni shilingi 32,850, na kwa miaka mitano ni zaidi ya laki moja na nusu. Weka bei iliyo kwenye bili yako upige hesabu upya. Wati zilizoandikwa kwenye prosesa hazitoshi kwa hesabu hii. Chomeka mita kwenye soketi ya ukutani uone mashine nzima inakula nini. Na stima ikipotea, betri ile ile hudumu karibu maradufu kwa seva inayokula nusu.

Joto la hapa linafahamika, lakini wachache huhesabu mwinuko. Seva nyingi huruhusiwa kufanya kazi mpaka nyuzi 35, na kikomo hicho hushuka kwa nyuzi moja kila mita 300 ukishapita mita 900, kwa kuwa hewa nyepesi hupoza kidogo. Kisumu tuko kama mita 1,130, tunapoteza chini ya nyuzi moja. Nakuru, kwenye mita 1,850, zinaondoka tatu. Prosesa ikipata joto hupunguza kasi yenyewe, na ile GHz uliyolipia hutaiona. Ijaribu saa nane mchana, chumba kikiwa kimefungwa, kwa muda usiopungua nusu saa.

Mwisho, kwa anayenunua EPYC ya mitumba bila bodi. Prosesa hizi zina kinga iitwayo Platform Secure Boot. Mtengenezaji wa seva akiiwasha, prosesa hujifunga kwa bodi za kampuni hiyo na haifunguki tena. Ukiipachika kwenye bodi ya kampuni nyingine, haiwaki. Kwa macho huwezi kuitambua, kwa hiyo muulize muuzaji imetolewa kwenye seva ya kampuni gani, na usitoe pesa kabla hajaiwasha mbele yako kwenye bodi ya aina uliyo nayo.