Uliza Anti: "Kuna mtu namjua alikunywa akapona"

Barua za mwezi huu zimenichekesha na zimenitia wasiwasi kwa wakati mmoja, maana nyingi zimegusa kitu kilekile bila wenyewe kupanga: stori za watu. Fulani alifanya hivi akafanikiwa, fulani alikunywa hiki akapona. Nimechagua nne, ya kwanza nimeijibu kirefu kwa sababu ina mgonjwa ndani yake.

Anti shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 34, niko Morogoro. Mama yangu ana kisukari tangu 2016, anameza metformin na alikuwa anaendelea vizuri tu. Sasa kwenye grupu lao la kikoba kuna mama mmoja anapendwa sana, karusha voisi ndefu anaelezea mjomba wake alivyokunywa maji ya mzizi wiki tatu, akaenda hospitali wakapima sukari iko sawa, daktari akabaki ameshika kichwa, mjomba akarudi nyumbani akamwaga vidonge vyote chooni. Mama ameisikiliza hiyo voisi mpaka ameikariri. Nikimwambia habari za wataalamu ananijibu "wewe unaongea vya kusoma, mwenzio anaongea alichokiona". Juzi nimekuta paketi ya dawa haijaguswa. Nimweleweshe vipi bila kumvunjia heshima?

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, hiyo paketi ndiyo ya kushughulikia leo hii. Mpeleke kliniki yake apimwe, na wanaomhudumia waambiwe ukweli kwamba ameacha dawa, wasijekuwa wanampangia dozi kwa kudhani anameza. Haya mengine yanaweza kusubiri jioni.

Sasa, mama yako sio mjinga, naomba tuanzie hapo maana ukianza na mawazo kwamba amedanganyika kitoto ataona kwenye uso wako na mazungumzo yatakuwa yameisha. Angalia alichopewa. Hiyo voisi ina mjomba, ina hospitali, ina daktari ameshika kichwa, ina vidonge vinaelea chooni, yaani mtu akifumba macho anaona kila kitu, na inasemwa na sauti ya mtu anayemwamini, mtu aliyekuja kwenye msiba wenu na anayerudisha hela za kikoba kwa wakati. Wewe umemletea nini? "Wataalamu wanasema." Wataalamu gani, wanakaa mtaa gani, nani anawajua? Ungekuwa wewe ungemsikiliza nani?

Halafu tusijifanye tumesahau. Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa inaongelea Samunge, kule Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo. Kikombe kimoja shilingi 500, dawa ya mti wa mugariga, inatibu kisukari, kansa, pumu, kifafa na hadi UKIMWI. Foleni ya magari ilienda kilometa kwa kilometa porini, wakubwa wa serikali walikwenda, watu walivuka mpaka kutoka Kenya, wenye uwezo wakaenda kwa helikopta. Hivi kuna aliyeona tangazo la biashara la kile kikombe? Hakukuwa na haja. Kilichojaza yale magari ni "shemeji yake jirani yetu amekunywa, Jumapili kasimama kanisani mwenyewe katoa ushuhuda". Na wengi wa waliokuwa wanasema hivyo hawakuwa wanadanganya hata kidogo, walikuwa wamejisikia vizuri kweli.

Ila fikiria ni nani alipata nafasi ya kuongea. Aliyejisikia nafuu alirudi akasimulia kwenye daladala, msikitini, kanisani, sokoni. Ambaye hakupata nafuu alinyamaza, wengine kwa aibu, wengine kwa kuogopa kuambiwa imani yao ndogo. Waliofia njiani wakisubiri zamu hawakutoa ushuhuda. Na walioacha ARV kwa kuamini wamepona, madaktari walipiga kelele sana kuhusu hao wakati ule, nani aliwapa maiki? Kwa hiyo masikio yetu yalijaa watu wa upande mmoja tu, tukadhani ndio wote. Babu mwenyewe alifariki 2021 na mpaka leo ukimtaja sehemu atatokea mtu akwambie "lakini mimi namjua mmoja", na huyo mmoja yupo kweli.

Hili jambo ni la zamani mno. Cicero, yule Mrumi, aliandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita habari ya Mgiriki mmoja aliyeitwa Diagoras, mtu asiyeamini miungu. Wakamwonyesha picha zilizowekwa na mabaharia walioomba wakati wa dhoruba wakaokoka, wakamwambia unaona, maombi yanajibiwa. Yeye akauliza mbona hakuna picha za waliozama. (Ndiyo, najua na mimi nimekupa stori. Imekuingia, si ndiyo?)

Turudi kwa mjomba. Usimbishie mama kwamba mjomba ni muongo, kwanza hujui. Inawezekana kabisa sukari ilishuka. Mtu akianza dawa ya mizizi kwa kawaida haanzi nayo peke yake: anaacha soda, sahani ya wali inapungua, anaanza kutembea asubuhi kwa sababu ameamua sasa anapona, na kisukari cha aina ya pili kinaweza kushuka sana kwa chakula na kupungua uzito bila hata huo mzizi. Kingine, kile kipimo cha kutoboa kidole kinakuonyesha sukari ya saa ileile tu, ukipima asubuhi hujala inakuwa tofauti na ukipima umetoka kula. Kuna kipimo kinaitwa HbA1c, hicho ndicho kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, na hicho kwenye voisi hakijatajwa. Na cha mwisho ambacho mimi kingeninyima usingizi: voisi inaishia siku ya furaha. Mjomba leo anaendeleaje? Kisukari kina tabia ya kula figo na macho na miguu kimyakimya huku mwenyewe anajiona mzima.

Kwa hiyo kaa na mama mkiwa wawili, usiongelee mbele ya wajukuu, mwambie kitu kama hiki: "Mama, mimi simkatai huyo mjomba, nimefurahi kama amepona. Naomba tumpigie mama wa kikoba simu, tumsalimie, tumuulize mjomba anaendeleaje sasa hivi na kama alishapima kile kipimo cha miezi mitatu. Wakati tunasubiri jibu wewe endelea na vidonge vyako, na huo mzizi tukamwonyeshe daktari kwanza." Hapo hujamwita mtu muongo, hujamdharau rafiki yake, umeomba tu stori iendelezwe mpaka leo. Na kama kwenye ukoo wenu yupo mtu aliyewahi kuacha dawa za sukari yakamkuta makubwa, na mama anamjua, mkumbushe kwa upole. Lakini awepo kweli. Usitunge. Akigundua umetunga utakuwa umempa sababu ya kuamini ile voisi maisha yake yote.

Anti habari za kazi. Niko kwenye kamati ya harambee ya kujenga wodi ya wazazi hapa kwetu Bukoba vijijini. Mwaka jana nilisimama na takwimu zangu safi kabisa, idadi ya wajawazito, umbali, gharama, watu wakasinzia na tukapata hela kiduchu. Akasimama mama mmoja mkunga akaelezea mzazi mmoja aliyebebwa kwenye machela usiku wa mvua, watu wakalia na bahasha zikaanza kutoka. Mwaka huu wajumbe wanasema tuachane na takwimu kabisa. Wewe unaonaje?

Wajumbe wako wana hoja, na kuna utafiti unaowaunga mkono. Wamarekani watatu, Small, Loewenstein na Slovic, walitoa matokeo yao 2007. Waliwapa watu dola 5 kila mmoja kisha wakawaomba wachangie wenye njaa Afrika. Kundi moja lilisoma habari ya mtoto mmoja wa kike wa Mali, Rokia, wa miaka saba. Kundi la pili likapewa takwimu za mamilioni wenye njaa. Waliosoma habari ya Rokia walitoa wastani wa dola 2.38, wa takwimu dola 1.14. Sasa kichekesho ni kundi la tatu, lililopewa Rokia pamoja na takwimu: 1.43! Yaani namba zilipokaa pembeni ya mtoto zilimpoza mtoto, badala ya yeye kuzipasha moto.

Kwa hiyo siku ya harambee mwacheni mkunga aongee, wewe sema shilingi ngapi zinahitajika na ukae. Slaidi zako zibaki kwenye begi.

Lakini usizitupe, bado zina kazi kubwa. Bahasha zikishafunguliwa mtakaa kikao cha kuamua wodi ijengwe kijiji gani, vitanda vingapi, na kama hela nyingine ziende kwenye gari la wagonjwa badala ya kuta. Hapo ole wenu mkiamua kwa machozi, maana wodi itaenda kijiji kilichokuwa na msimulizi mzuri, na kile chenye wajawazito wengi kuliko vyote ila hawana mtu wa kuwasemea kitabaki na machela yake. Siku hiyo ndiyo ya kusimama wewe na karatasi zako, na mkunga akae akusikilize. Nimeona miradi mingi imekaa mahali pa ajabu, ukiuliza kwa nini hapa unaambiwa "mheshimiwa alipita akaguswa".

Na huyo mzazi wa kwenye machela, mmemuomba ruhusa? Yupo, anaishi hapohapo, watu wanamjua. Kabla ya kumsimulia kwa mara ya pili nendeni mkamuulize, na akisema hapana basi ni hapana.

Anti mimi niko Mombasa. Babu yangu alivuta sigara tangu ujana mpaka kufa kwake na amekufa na miaka 91, tena kwa kuanguka. Nyinyi mnaoandika sigara yaua kwani mwatuona watoto?

Mungu amrehemu babu. Mimi sikatai hata mwaka mmoja wa umri wake. Ila kuna mtu ameshafanya hesabu ya mababu wengi kwa mpigo: kuanzia 1951 Richard Doll na wenzake Uingereza waliwafuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000, wavutaji na wasiovuta, kwa miaka 50, majibu ya mwisho yakatoka 2004. Waliovuta maisha yao yote walikufa kwa wastani wa miaka 10 mapema zaidi, na angalau nusu yao sigara yenyewe ndiyo iliyowaua. Maana yake ni kwamba wapo wengi tu ambao haikuwaua, na babu yako alikuwa mmoja wao, hakuna aliyekudanganya. Swali ni kama wewe unajua uko nusu ipi. Babu hakujua, alikuja kujua alipofika 91. Na wale rafiki zake aliokuwa akivuta nao barazani, wale waliokufa na 58 na 63, wajukuu zao hawaniandikii kujisifu.

Anti, mwezi uliopita nimeambiwa nina uvimbe kwenye kizazi. Kila nikimwambia mtu kabla sijamaliza sentensi ananiletea wa kwake: dada yake ulikuwa mkubwa kama embe, shangazi yake alitolewa kizazi, mwenzie kazini hakuamka. Najua wananipenda ila nikitoka hapo silali. Ni mimi nimekuwa mwepesi wa moyo?

Hapana mwanangu, ni wao wamekuwa wepesi wa mdomo, na nasema hivyo kwa upendo maana sote tunafanya. Mtu akisikia shida yako anatafuta haraka kichwani kitu cha kukuonyesha kwamba hauko peke yako, anachokuta ni shangazi, basi anamtoa shangazi mzimamzima pamoja na jeneza lake. Anadhani amekufariji. Kumbe dakika ileile mazungumzo yamehama kutoka kwenye tumbo lako yameenda kwenye msiba wa kwao, na wewe mgonjwa ndiye unayebaki kumpa pole!

Unaruhusiwa kumkatisha. Kwa mtu wa rika lako mwambie tu "shoga, za watu wengine utanisimulia nikishapona, leo nisikilize mimi". Kwa mkubwa huwezi kusema hivyo, basi tumia adabu kama ngao: "Shangazi naomba uniombee tu, nikisikia ya wengine presha inapanda." Hakuna mtu mzima atakayeendelea baada ya hapo, na akiendelea chai yako haijapoa bado, nenda jikoni kaichukue.

Hizo stori zenyewe zina kasoro nyingine. Uvimbe wa kizazi, ule wanaouita faibroidi, ni kitu cha kawaida sana kwa wanawake, na kwa walio wengi sio kansa, wengine wanaishi nao hawajui mpaka wapimwe kwa sababu nyingine. Hao huwezi kuwasikia kwa sababu hawana cha kusimulia. Dada mwenye uvimbe mdogo unaoangaliwa tu kila baada ya muda, nani atakaa kibarazani amwelezee? Embe ndilo linalosimuliwa.

Mwulize daktari wako huo wa kwako una ukubwa gani, uko sehemu gani ya kizazi, na kwa umri wako na kama bado unataka watoto kuna njia zipi, maana kuna dawa, kuna kutoa uvimbe peke yake kizazi kikabaki, na kuna kusubiri mkiuangalia. Andika majibu kwenye simu. Ukirudi nyumbani wakianza tena ya shangazi, utakuwa na ya kwako ya kusoma.