Jibu: Nichukue mtoto yupi wa mbwa aina ya Labrador?

Mkuu, umeuliza uchukue yule dume anayekukimbilia mlangoni au jike anayekaa pembeni. Mimi ningeanza na mama yao. Mwone, mguse, angalia anavyopokea wageni; akiwa mwoga, watoto nao mara nyingi hufuata. Halafu omba eksirei za nyonga na viwiko vya wazazi wote wawili. Labrador husumbuliwa sana na nyonga, na kwa mtoto wa wiki nane huwezi kuliona hilo kwa macho. Muuzaji akikuambia "Baba yake yuko fiti", hilo si jibu.

Uliza pia ni wa ukoo wa kazi (waliozalishwa kwa ajili ya uwindaji) au wa maonyesho (ya mbwa). Wa kazi ni mwembamba, haishiwi nguvu. Kama unarudi nyumbani saa mbili usiku, atakumalizia makochi. Wa maonyesho ana kifua kipana na ametulia zaidi (kwa viwango vya Labrador, lakini!).

Watoto wenyewe waendee wakiwa wamechangamka, si wakiwa wameshiba na usingizi. Rusha soksi uliyoikunja. Anayeikimbilia, akaidaka na kuja nayo upande wako, huyo ana kazi ya uwindaji damuni. Kisha dondosha funguo sakafuni: kushtuka si tatizo, ila arudi kuzinusa. Huyo dume pengine ana fujo tu, na jike labda alichoka, kwa hiyo rudi siku nyingine uwapime tena. Rangi achana nayo. Na asitoke kwa mama kabla ya wiki nane, hata muuzaji akikupunguzia bei.