Mdogo wangu unayeiota Hispania, tafuta dakika kwanza

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu kucheza Hispania wanaitaja La Liga tu. Mimi nimecheza namba tisa madaraja ya chini huku Galicia, na ningependa mshambuliaji yeyote anayefunga mkoba aujue mpira wa huku kabla hajapanda ndege.

Chini ya La Liga na Segunda, yaani daraja la pili, kuna Primera Federación, daraja la tatu, yenye timu 40 katika makundi mawili tangu 2021. Inafuata Segunda Federación, makundi matano, halafu Tercera Federación yenye makundi 18. Wafungaji wengi wakubwa wamepitia ngazi hizo. Aritz Aduriz alicheza Burgos daraja la tatu, miaka mingi kabla ya kuifunga Genk mabao matano peke yake kwenye Europa League mwaka 2016. Michu alianza na Real Oviedo ikiwa imeporomoka hadi daraja la nne. Msimu wa 2012–13 akaifungia Swansea mabao 18 kwenye Ligi Kuu ya Uingereza.

Kwa hiyo ukiitwa kukaa benchi daraja la tatu, na timu ya daraja la nne inakuhitaji kila Jumapili, nenda kacheze. Kocha anayetaka kukusajili anauliza dakika na mabao. Jezi ya mazoezi haimwambii kitu. Na timu B, yaani timu ya pili ya klabu, usiidharau, kwa kuwa huku inashindana kwenye ligi hizi hizi: Farid Mussa wetu alipotoka Azam kwenda Tenerife, muda mwingi alicheza timu B.

Jiandae pia na maisha yenyewe. Kwenye Tercera mazoezi huanza usiku, maana wenzako wametoka kazini. Nyasi ni za bandia, na zile punje nyeusi za mpira zinaingia kwenye njumu, kwenye soksi, mpaka kitandani. Beki wa kati ana miaka 35, mbio hana, ila anakushika jezi ubavuni upande ambao mwamuzi haoni, na anakukanyaga kidole kabla kona haijapigwa. Ukisubiri mpira miguuni utalala na njaa. Msogelee kana kwamba unaufuata mpira, halafu katiza kwenda mlingoti wa karibu wa goli, upige kwa mguso mmoja. Mabao yangu mengi yalipatikana hivyo.

Pesa ni suala zito. Klabu moja niliyochezea ilituchelewesha mishahara hadi wenzangu wawili wakashindwa kulipa kodi ya nyumba. Mikataba mingi ya huku ni ya msimu mmoja, kwa hiyo hakikisha mshahara, nyumba na tiketi vimeandikwa kabla hujasaini. Ukidhulumiwa, kipo chama cha wachezaji, AFE.

Kushuka daraja nako kusikutie aibu. Lucas Pérez aliondoka Cádiz ya La Liga Januari 2023 kurudi Deportivo, timu ya mji wake, iliyokuwa daraja la tatu, na akachangia ada ya uhamisho mfukoni mwake. Mei 2024 bao lake la mpira wa adhabu dhidi ya Barcelona Atlètic, timu B ya Barcelona, likawapandisha daraja.

Kama hujafikisha miaka 18, baki nyumbani ucheze. FIFA inazuia uhamisho wa kimataifa wa watoto, isipokuwa kwa masharti machache. Wakala akikuomba pesa ya majaribio, mdai leseni yake ya FIFA, halafu ipigie klabu simu wewe mwenyewe kabla mzazi hajauza chochote.