Walimu wapya wa Baiolojia, muacheni ngamia apumzike

Jamani walimu wa mazoezi, karibuni Pemba. Nimekaa nyuma ya madarasa yenu, na kila mnapofundisha jinsi viumbe wanavyomudu mazingira yao, ubaoni nimemkuta ngamia yule yule, mpungate ule ule, na mshale umeelekezwa kwenye nundu: "hifadhi ya maji". Yakhe! Kila msimu wa walimu wapya, nundu inajaa maji upya. Nawapenda, ndiyo maana naandika badala ya kupiga kelele ofisini.

1. Nundu ni mafuta. Yamekusanywa pahala pamoja badala ya kutandazwa mwili mzima, kwa hiyo joto linapata njia ya kutoka. Maji ngamia anayabana kwengine: mkojo mzito, kinyesi kikavu, na joto la mwili linaloachwa lipande kutoka nyuzi 34 hivi alfajiri hadi karibu 41 mchana kabla hajaanza kupoteza jasho. Akifika kisimani anaweza kunywa lita 100 kwa mkupuo, na chembe zake nyekundu za damu, zenye umbo la yai, hazipasuki. Siku mtoto akikuuliza mbona nundu ya ngamia mwenye njaa hulala upande, mjibu: ameshaila.

2. Anzeni na tatizo, sifa zifuate. Jangwani tatizo ni maji. Mbugani ni moto, midomo inayokula mchana kutwa, na uwazi usio na pa kujificha. Nyasi huchipua tena kwa sababu sehemu yake ya kukulia iko chini, karibu na udongo. Ng'ombe wa jirani akishakula uwanja wenu wa mpira, mnayo zana tayari. Serengeti, pundamilia hukata majani marefu magumu, nyumbu wakafuata, swala tomi akamalizia machipukizi mafupi. Ndama wa nyumbu husimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa, na wengi huzaliwa ndani ya wiki chache, kwa hiyo simba hushiba kabla hawajawamaliza. Darasa nililokaa liliambiwa "nyumbu ana miguu mirefu", tukahamia kichwa kingine cha habari.

3. Mifano ya nyumbani. Hapa nina deni langu.

Nilikuwa kijana kama nyinyi, skuli ya pwani, andalio la somo limepigwa pasi na suruali pia. Nikatoa zoezi: taja mmea unaobana maji na ueleze unavyofanya. Mtoto mmoja wa mvuvi akaandika mchu, mti wa kundi la mikoko. Nikamtilia alama nyekundu ya kosa, na pembeni nikaandika: "Mikoko inakaa majini!" Haikunitosha. Nikalisoma jibu lake mbele ya darasa. Watoto wakacheka, na mimi nikacheka nao, tena nikaona nimefundisha.

Yule mtoto alikuwa sahihi. Maji ya bahari yana chumvi nyingi, na mzizi kuyafyonza ni kazi. Mti umesimama ndani ya maji lakini una kiu. Ndiyo maana jani la mchu ni nene, juu lina nta, na chumvi iliyozidi hutolewa kupitia jani lenyewe. Ukililamba utaionja. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi inayosimama kama miguu, huizuia chumvi nyingi mlangoni, kwenye mizizi. Yule mtoto alishayalamba majani hayo tangu hajaanza skuli; mimi nilikuwa nimeisoma picha ya jangwa kitabuni. Nilipokuja kuelewa, nilimrudishia alama zake mbele ya darasa lile lile. Akasema "ahsante maalim", akakaa. Mkono hakuunyanyua tena katika somo langu mpaka alipomaliza kidato. Mpaka leo nikisahihisha zoezi, jibu la ajabu nalisoma mara mbili kabla kalamu nyekundu haijafunguliwa.

4. Hakuna mnyama aliyekaa kitako akaamua kujirekebisha. Waliozaliwa na sifa iliyofaa ndio waliobaki wakazaa.

5. Nanasi hufungua stomata zake, vile vitundu vya jani vya kupitishia hewa, usiku na kuzibana mchana ili lisipoteze maji, sawa na mpungate. Liko sokoni. Likataeni darasani kama mnaweza.

6. Msiseme kwetu hakuna ukame kwa kuwa mvua inanyesha. Nendeni maweni ya Micheweni: mvua inaanguka, jiwe la matumbawe halishiki maji, yanazama, na vichaka juu yake vinabaki vifupi, vina majani magumu. Hapo mtoto anaelewa kwamba mmea hauishi kwa mvua iliyonyesha, unaishi kwa maji ambayo mzizi umeyapata. Kuna mwalimu mwenzenu alinibishia hili kwa saa nzima chini ya muembe, na chai yangu ikapoa.

Mkiwapeleka watoto mikokoni, tazameni kwanza saa za maji kupwa, sheha apewe taarifa, na mvae viatu ambavyo hamtavililia. Andalio la somo niletewe kabla ya safari.