Kabla ya kulalamikia benchi la forwadi saba

Ndugu, umeuliza kwa nini timu ya raga ya Afrika Kusini wakati mwingine huweka benchini forwadi saba (wale wazito wanaosukumana mbele) na beki mmoja tu (wale wakimbiaji wa nyuma), na wenzako wanasema ni wazimu. Nakuelewa, ubishi huo naukuta kila wiki ya mechi za kimataifa.

Isome orodha ya kikosi kuanzia chini, walipo wa akiba. Namba 16, 17 na 18 ni wa safu ya mbele ya skramu, yaani ule msukumano wa forwadi wa timu mbili. Pale hawekwi mtu yeyote tu, maana shingo huvunjika. Halafu jiulize: namba 10, beki anayepanga mchezo na mara nyingi kupiga mateke, akiumia na benchini yupo beki mmoja tu, nani atapiga penalti?

Kumbuka fainali ya Kombe la Dunia la raga ya 2023, Afrika Kusini dhidi ya New Zealand. Mbonambi, huka wao (wa katikati ya safu ya mbele), aliumia akatoka dakika za mwanzo kabisa, akaingia Deon Fourie, aliyezoea zaidi kucheza flanka (forwadi wa pembeni mwa skramu) ila aliyewahi pia kuwa huka, akakaza hadi mwisho. Afrika Kusini ikashinda 12-11! Mimi naliunga mkono benchi hilo, mradi awepo forwadi mwenye mbio kama Kwagga Smith, aliyekulia raga ya wachezaji saba, wa kusimama pembeni beki akiumia.

Ila nakusihi, usibeti pesa ya kodi ya nyumba kwa kuiamini orodha. Mtu huumia mazoezini Ijumaa, kila kitu kikabadilika. Ukiona unafukuzia hela ulizoliwa, muone mshauri nasaha mapema.