Taifodi iliyotibiwa mara nne na bado "ipo" kwenye kipimo

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 36, ninaishi Tabata na ninauza vitenge Kariakoo. Tangu mwaka jana nimepimwa taifodi mara nne katika zahanati mbili tofauti, na kila mara majibu yameandikwa 1:160. Nimemeza siprofloksasini mara tatu, na mara ya nne nilichomwa sindano kwa siku tano. Jioni nasikia homa, mwili unachoka, tumbo linajaa gesi, na siku hizi kisigino kinauma ninapoamka. Mwezi uliopita nilipima tena nikaambiwa bado ipo, na kwamba sasa imekuwa taifodi sugu. Jirani amenielekeza mahali wenye mashine ya kushika kifimbo mkononi, inayosoma mwili mzima, halafu wanatoa dawa ya miti shamba ya kung'oa mizizi yake. Je, nitumie dawa gani kali zaidi ili iishe kabisa?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Usitumie dawa kali zaidi, kwa sababu katika maelezo yako yote sijaona ushahidi kwamba umewahi kuugua taifodi hata mara moja. Haipiti wiki bila mgonjwa kuketi mbele yangu akiwa na bahasha ya majibu kama yako, 1:80 hapa na 1:160 pale, na nyuma ya kila karatasi kuna dozi nyingine ya antibiotiki iliyokwisha kulipiwa. Taifodi huambukizwa vipi unajua, kwa hiyo sitaanzia huko. Nitaanzia kwenye ile namba, 1:160, inayoonyesha majimaji ya damu yalizimuliwa mara ngapi na bado yakajibu kipimo.

Kipimo ulichofanyiwa kinaitwa Widal, kwa jina la tabibu Mfaransa Fernand Widal, aliyekitangaza mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaunda ulipokutana na bakteria huyo au na ndugu zake wa jamii ya salmonela, ambao ni wengi na wengine hupita tumboni mwa mtu bila kumlaza kitandani. Askari hao hubaki kwenye damu kwa miezi, na baadhi yao kwa miaka. Hata malaria na homa nyingine zinaweza kukifanya kipimo kionekane chanya. Kurudi kupima Widal baada ya dawa ili kujua kama ugonjwa umeisha ni kuchungulia kovu na kuuliza kama kidonda bado kinatoka damu. Utaratibu wenyewe wa kipimo hiki unataka damu ichukuliwe mara mbili, kwa tofauti ya siku 10 hadi 14, na kiwango cha pili kiwe angalau mara nne ya kile cha kwanza ndipo mtu aseme kuna jambo. Sijawahi kukutana na mgonjwa aliyeambiwa na zahanati ya mtaani arudi kwa sampuli ya pili. Anachofanyiwa ni tone la damu juu ya kioo, likiangaliwa kwa macho na mtu mwenye foleni ya watu ishirini nje ya mlango.

Kuna utafiti uliofanyika Muheza, mkoani Tanga, ukachapishwa mwaka 2010, ambao ningependa kila mwenye maabara ndogo Dar es Salaam aubandike ukutani. Watoto waliolazwa kwa homa walioteshewa damu maabara, yaani iliwekwa ili bakteria aliyemo aote na kuonekana, na pia wakapimwa Widal kwa njia ya mirija, ambayo ni ya uangalifu zaidi kuliko ile ya tone kwenye kioo. Widal iliwatambua asilimia 75 ya wenye taifodi, na ikatoa majibu hasi kwa asilimia 98 ya wasio nayo. Ukiishia hapo utakisifu kipimo. Lakini taifodi yenyewe ilikuwa kwa takriban mtoto mmoja katika kila mia. Sasa chukua kalamu ufanye hesabu ya watoto 1,000: wenye taifodi ni 10, na Widal itawanasa 7 au 8, wasio na taifodi ni 990, na asilimia 2 yao, yaani karibu 20, nao wataandikiwa chanya. Jumla ya waliopewa karatasi ya taifodi ni 27 au 28, na anayeumwa kweli ni mmoja kati ya wanne hivi. Hiyo ni Widal iliyopimwa kwa uangalifu, kwa wagonjwa waliolazwa hospitali. Kwa mtu anayetembea, anayepanda daladala na kufungua duka kila asubuhi, uwezekano wa taifodi ni mdogo zaidi, na majibu ya uongo huzidi kuwafunika ya kweli.

Taifodi halisi haifanani na maelezo yako. Homa yake hupanda siku baada ya siku na kukaa juu, mgonjwa hukosa hamu ya chakula, kichwa humuuma, hufunga choo au huharisha, na asipotibiwa, kufikia wiki ya tatu utumbo unaweza kutoboka akahitaji upasuaji wa dharura. Hakuna anayebeba ugonjwa huo mwaka mzima huku akiuza vitenge. Ni kweli kwamba wachache hupata homa tena, kwa kawaida ndani ya wiki chache baada ya tiba. Ni kweli pia kwamba kati ya asilimia 1 na 5 ya waliougua hubaki na bakteria, mara nyingi kwenye mfuko wa nyongo. Hao, hata hivyo, kwa kawaida hawasikii chochote. Ndiyo maana mpishi Mary Mallon wa New York, mwanzoni mwa karne iliyopita, aliwaambukiza watu wengi na hakukubali kwamba yeye ndiye chanzo, kwa kuwa alijiona mzima. Mtu wa namna hiyo hugunduliwa kwa kuotesha choo, si kwa Widal. "Taifodi sugu" inayouzwa mitaani, yenye uchovu na gesi na mizizi ya kung'olewa, haimo katika kitabu chochote cha tiba ninachokijua.

Fanya hivi. Acha antibiotiki zote. Nunua kipimajoto, upime asubuhi na jioni kwa wiki mbili na uandike kwenye daftari, kwa sababu "kusikia homa" na kuwa na nyuzi 38 ni mambo mawili, na wengi wanaonijia na homa za jioni hukutwa na 36.8. Kisha nenda hospitali yenye daktari wa magonjwa ya ndani. Mweleze kama hedhi yako ni nzito, kwani upungufu wa damu ni chanzo cha kawaida cha uchovu kwa mwanamke wa umri wako, na akupime picha kamili ya damu, sukari, VVU na tezi la shingo. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku au uzito unaopungua, sema mapema, ili kifua kikuu kitafutwe. Kwa tumbo, kipimo cha choo cha bakteria wa vidonda vya tumbo huaminika ukiwa umekaa wiki nne bila antibiotiki, sababu nyingine ya kuziacha sasa. Na kama kweli kipimajoto kitaonyesha homa kali inayoendelea, damu ioteshwe kabla hujameza kidonge hata kimoja. Kuotesha damu nako hukosa wagonjwa, kwani hunasa takriban sita kati ya kumi, lakini kikisema taifodi ni taifodi. Katika majaribio ya chanjo ya taifodi yaliyofanyika Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2021, watafiti walimhesabu mtoto kuwa mgonjwa pale tu bakteria alipoota kwenye damu yake.

Kisigino hicho mwonyeshe daktari mapema na usikipuuze. Siprofloksasini na dawa za jamii yake zinaweza kuvimbisha kano, hasa ile kubwa ya nyuma ya kisigino, na wakati mwingine kano hukatika. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake zito kabisa kuhusu jambo hilo mwaka 2008. Huenda basi ukawa unatibiwa ugonjwa usiokuwa nao kwa dawa inayokupa ugonjwa mpya.

Mashine ya kifimbo haipimi kitu. Hakuna umeme wa kiganjani unaoweza kumsoma bakteria, ini, figo na "sumu mwilini" kwa dakika moja, na ni ajabu kwamba kila anayeishika hukutwa na matatizo ambayo dawa yake iko kabatini palepale. Hata hivyo, hasira yangu kubwa haiko kwa wenye vifimbo, maana wao angalau hawajavaa koti jeupe la chuo chochote.

Iko kwetu sisi tuliosoma. Zamani kila homa iliitwa malaria. Huko Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kati ya mwaka 2007 na 2008 walichunguzwa kwa kina: asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa malaria, na waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea, karatasi zikaanza kurudi hasi, na kwa maoni yangu pengo hilo ndilo lililojazwa na taifodi na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), jozi ambayo sasa hutolewa kwa pamoja kama chai na vitafunwa. Utafiti wa watoto 1,005 wenye homa, waliotoka hapa Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta taifodi kwa asilimia 3.7 na UTI kwa asilimia 5.9, wakati virusi vilikutwa kwa asilimia 70.5, na virusi havisikii antibiotiki. Jiji hili limepigwa na homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na siamini kwamba wote walioipata walikwepa sindano za taifodi.

Dozi hizi zisizo na sababu zina hatari nyingine: siprofloksasini hutuliza kifua kikuu kwa muda bila kukiponya. Mgonjwa hupata nafuu wiki mbili, makohozi yake huweza kupimwa yasionyeshe kitu, naye hurudi nyumbani kuwakoholea watoto, huku bakteria wakijifunza kuishi na dawa za jamii ileile tunayoitegemea kutibu kifua kikuu sugu, ambacho tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kitibiwe kwa miezi sita kwa mseto wenye moksifloksasini, ndugu wa siprofloksasini. Nimewaona wagonjwa wa namna hiyo, zaidi ya mmoja, wakifika na mapafu yaliyokwisha kuliwa na karatasi tano za Widal mkononi. Huko Pakistani, tangu mwaka 2016, kuna taifodi halisi isiyosikia siprofloksasini wala sindano za seftriaksoni, na vidonge vilivyobaki kuitibu ni azithromaisini, dawa ambayo hapa kwetu mtu huinunua dukani kwa sababu ya mafua.

Mwenye maabara aondoe Widal kwenye orodha ya vipimo vya kila anayeingia na homa. Mhudumu ambaye hajajua chanzo cha homa aandike kwenye faili kwamba hajakijua, ampe mgonjwa dawa ya kushusha joto, na amwambie siku ya kurudi.